Nilisugua Sufuria kwa Msasa, Nikamsingizia Mama Mkwe

Kosa ni langu. Nalitaja mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa nafasi nitajitetea mpaka jua litue, na mwisho wewe msomaji utanionea huruma. Usinionee!

Siku subira yangu ilipokatika nilikuwa nimempakata mtoto kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika mwiko. Sebuleni walikuwa wameketi akina mama saba wa kanisa. Walikuja kumwona mtoto, na sukari yao, na sabuni yao, na nyimbo zao. Nami nilikuwa nimewaandalia chinsaga, ile mboga chungu ambayo watu wa kwingine huiita mgagani. Kwetu Kisii mwanamke akijifungua hulishwa hiyo ili damu irudi. Nikafunua sufuria mbele yao kwa madaha.

Nyeusi! Sisemi kijani kilichokolea. Nasema nyeusi kama lami ya barabara!

Mwenyekiti wa chama chetu ni mama mnene, mcheshi, na hajui kunong'ona. Alionja kidogo, akatazama dari.

"Mokamwana," akaniita, maana ndivyo anavyoitwa mke wa mwana wa boma, "mboga hii umeipikia ndani ya jembe?"

"Muache," akadakia mwingine. "Ameweka misumari mtoto akue fundi."

"Basi mimi nimemeza mlango mzima!"

Wakacheka hadi viti vikalia. Ningecheka nao yangeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki tatu, mtoto anaumwa tumbo, na hiyo ilikuwa mara ya nne chakula changu kunitoka kikiwa na ladha ya chuma. Nikageuka mlangoni, alipokuwa amesimama mama mkwe wangu na maji ya kuwanawisha wageni.

"Wewe! Sufuria yangu umeitia nini?"

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

Wasomaji wa kwetu wameshanielewa, na wamenichukia tayari. Nyinyi wengine nitawaeleza. Ukimwuliza mwanamke mzee, mbele ya watu, "umetia nini" katika chakula cha aliyetoka kujifungua, umemwita mchawi bila kulitaja neno lenyewe. Na kuna ensoni pia, ile heshima na haya ya mtu na wakwe zake, ambayo mimi nilikuwa nimefundishwa kabla ya kufundishwa a-e-i-o-u. Niliikanyaga yote kwa maneno matano.

Wale akina mama wakaweka sahani chini. Taratibu, mmoja mmoja. Hakuna aliyemaliza chakula.

Na sikukoma! Mimi ndiye katibu wa chama kile, kwa sababu nilimaliza Form Four na mwandiko wangu unasomeka. Kitabu cha mikutano kilikuwa kabatini. Nikakitoa pale pale na kuandika, huku kalamu ikitoboa karatasi: Katibu alalamika kwamba mama mkwe wake ameharibu sufuria yake na chakula cha wageni kwa makusudi. Nikaweka tarehe na sahihi. Nikasoma kwa sauti!

Mama mkwe alitua birika la maji polepole. Akasema, "Nimesikia, mokamwana." Basi. Akaenda jikoni, akachukua chungu chake cheusi cha zamani, akakifunga kwa shuka, akajitwika, akaenda zake Marani kwa mwanawe mdogo. Mtoto wangu alimlilia mpaka sauti ikakauka.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, uone jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kuwa mpumbavu.

Sisi tunakaa Nyansiongo, kwenye mashamba yaliyokuwa ya masetla. Tuna ekari zetu, ng'ombe wawili wa gredi, na nyumba ya mabati. Mume wangu anafanya kazi Kericho na huja mwisho wa mwezi. Nilipoolewa nilimkuta mama mkwe akipikia chungu cha udongo. Chinsaga yake aliichemsha, akamwaga maji machungu, akatia maziwa, akaiacha humo siku mbili, akiipasha na kuongeza maziwa mengine, mpaka ule uchungu ukalainika na uchachu kidogo ukaingia. Tamu kama nini! Lakini chungu chenyewe, Obaba! Kimeungua, kimetoka ukingo, kina umri wa mume wangu.

Nikasema mimi siwezi. Nikaenda Kisii mjini, dukani kwa Mhindi mmoja anayeuza vyombo, nikanunua sufuria ya enameli. Nyeupe pee, ukingo wa buluu, kifuniko chake kina kishikio cha buluu. Ukiitazama ndani unaona meno yako.

Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Aliigonga kwa kucha, ikalia tingi. Akasema, "Hii ni kama jicho. Haisuguliwi." Naye aliiosha hivyo hivyo kama jicho: maji ya moto, sabuni, kitambaa laini, basi. Miezi mitano sufuria ilipika chinsaga ya siku mbili na maziwa yake machachu, haikubadilika hata kidogo.

Ila chini, katikati, kulikuwa na doa la hudhurungi kidogo. Doa la mboga tu, kama lile la chai kikombeni. Mtu mwenye akili angeliacha. Mimi lilininyima raha. Nilikuwa nikiamka nalo.

Sasa sikiliza wazimu wangu. Shemeji yangu mmoja anachonga mawe Tabaka. Tulipomtembelea nilikaa pembeni yake nikamwangalia akimalizia bakuli la jiwe. Lilikuwa baya, limejaa alama za panga na tupa. Akachukua msasa, ile karatasi ya kukwaruza, akauloweka majini, akazungusha, akazungusha. Kisha akachukua mwingine laini zaidi. Jiwe likang'aa kama shavu la mtoto!

"Shemeji," nikamwambia, "huu msasa unang'arisha kila kitu?"

"Mimi najua mawe," akajibu. "Hayo mengine waulize wenyewe."

Nikaomba vipande vitatu. Alinipa, akafikiri nataka kumalizia kile kinyago cha kiboko alichonipa zawadi.

Asubuhi moja mama mkwe alipokuwa shambani, nilijaza maji kidogo ndani ya sufuria, nikaanza. Kuzungusha, kuzungusha. Doa likatoka! Nilifurahi nikacheza peke yangu jikoni. Kweli ule mng'ao wa kuona meno ulikuwa umepotea pale katikati, pamebaki peupe pa chaki. Nikajiambia, bado hujasugua vya kutosha. Jiwe la shemeji nalo lilikuwa na chaki kabla halijang'aa.

Wiki iliyofuata doa lilirudi, kubwa zaidi. Nikasugua zaidi. Likarudi upesi zaidi. Nikapandisha na kuta zote za ndani. Kila nikisugua, chombo kinachafuka haraka, na kila kikichafuka nasugua kwa hasira. Na haya yote kwa siri! Nilificha msasa chini ya debe la unga, maana nilijua mama mkwe atasema nini.

Baadaye mboga zikaanza kuwa nyeusi na kuleta ladha ya msumari. Je, niliufikiria msasa? Hata! Nilimfikiria mama mkwe. Nikajiambia: hakuipenda sufuria hii tangu mwanzo. Anataka chungu chake kirudi. Anaiangalia kama mke mwenza.

Uongo mtupu. Ndiye aliyekuwa akiiosha kama jicho.

Basi, alipokwenda Marani nilidhani nimeshinda. Siku ya kwanza nilitembea kifua mbele. Siku ya tatu nikagundua kwamba mtoto hajui kulala ila mgongoni kwa bibi yake. Na kuna jambo jingine: shule ya jirani ilikuwa imeniahidi nafasi ya ualimu, nianze Jumatatu, mama mkwe akae na mtoto. Jumatatu ilifika, mimi nimekaa kwenye kizingiti na mtoto analia. Mwalimu mkuu akampa kazi msichana mwingine. Nilisikia kengele ya shule kutoka nyumbani. Nikatamani kuila!

Mume wangu niliyemwandikia kurasa tatu za kujisifu alinijibu kwa mstari mmoja: "Sikujua nimeoa mahakama."

Lakini hayo yote ni yangu, niliyataka. Kilichonitisha hasa kilitokea pale tunapopeleka maziwa. Mwanamke mmoja ambaye hajawahi hata kunisalimia alinisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole. Tumesikia yule mzee wako alikutilia kitu. Sasa nimeelewa kwa nini ndama wangu alikufa. Alipita kwangu siku ile."

"Alipita kwenda wapi?"

"Kanisani."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kanisani pia."

Ningecheka, lakini hakuna aliyekuwa akitania. Wengine wawili walikuwa wakitikisa vichwa kwa kukubali. Neno langu lilikuwa limetoka sebuleni kwangu, limeshatembea mpaka kwenye zizi la mtu. Mzee wa watu, aliyezaa sita na kuwazalisha wanawake wa kijiji kizima, sasa anahesabiwa ndama waliokufa! Na ushahidi wao ni nini? Kitabu cha kanisa, kwa mwandiko wangu mzuri.

Na bado sikukubali kosa, unasikia? Kiburi ni kitu cha ajabu. Nilijiambia kama sufuria haikutiwa kitu, basi ni mbovu, na Mhindi ndiye mkosaji. Nikambeba mtoto mgongoni, sufuria kichwani, nikapanda basi la asubuhi kwenda Kisii mjini nikiwa nimefura kama chapati.

Dukani nilimkuta mke wa mwenye duka. Mama huyu amekaa Kisii tangu utoto, lugha yetu ya Ekegusii anaijua kuliko watoto wetu wa siku hizi.

"Bwakire, mama," akanisalimu.

"Sikuja kusalimiana! Mmeniuzia bati lililopakwa chokaa!" Nikaitua sufuria mezani, puu!

Wateja wakageuka. Yeye hakutetereka. Alivaa miwani, akaingiza kidole ndani ya sufuria, akapapasa.

"Umesugua na nini?"

"Sijasugua na kitu."

"Mama, mimi nauliza mara moja tu, halafu nauliza wino."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akachukua chupa ya wino wa kalamu, akamwaga kidogo kwenye kitambaa. Akashusha sufuria mpya kutoka rafuni, akaipaka wino ndani, akapangusa kwa kitambaa kibichi. Nyeupe! Kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha akaipaka yangu na kupangusa.

Wino haukutoka. Ulibaki umechora mistari, maelfu ya mistari myembamba kama nywele, miduara juu ya miduara. Kuzungusha, kuzungusha. Mle ndani mlikuwa mkono wangu mzima! Mahali pamoja tu, chini kidogo ya ukingo ambapo msasa haukufika, wino ulipanguswa ukatoka safi.

"Hiyo ni msasa," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Sikiliza, binti. Hii nyeupe si rangi. Ni kioo. Wanasaga kama unga, wanamwagia juu ya chuma, wanachoma kwa tanuri kali mpaka inayeyuka na kushikana. Ngumu sana. Chuma iko ndani kama mtu ndani ya nyumba. Maziwa chachu, ndimu, nyanya, yote inagonga mlango, hakuna kufunguliwa. Wewe umetoboa ukuta."

"Lakini jiwe huwa linang'aa..."

"Jiwe ni jiwe mpaka ndani. Hii ni ngozi tu. Ukimaliza ngozi, unafika kwa nyama."

Akanishika mkono akaniingiza nyuma ya duka. Kwenye rafu palikuwa na sufuria kama yangu, ukingo wa buluu ule ule. Akafunua. Achari ya ndimu! Ndimu na chumvi na pilipili, ukali wake ulinitoa machozi kabla sijaisogelea.

"Miaka sita inakaa hapa," akasema. "Ndimu na chumvi, miaka sita. Angalia."

Akasogeza ndimu kwa kijiko cha mti. Chini palikuwa peupe, pakimetameta, meno yangu yakaonekana. Mdomo wangu ulikuwa wazi.

"Kijiko cha mti," akaongeza. "Mama mkwe wangu alinifundisha. Wako hakukuambia?"

Aliniambia. Aliniambia siku ya kwanza! Aligonga kwa kucha na akaniambia!

Niliketi juu ya gunia la chumvi nikalia, na mtoto akaona afadhali alie pia. Yule mama akatuletea chai. Nilipouliza weusi wa mboga umetoka wapi, akanieleza kwamba uchachu unapofika kwenye chuma unakila kidogo kidogo, na chuma kikichanganyika na majani machungu kinakuwa kama wino. Hata wino wenyewe, akasema, zamani ulitengenezwa namna hiyo. Basi mwenyekiti alipouliza kama nimepikia ndani ya jembe alikuwa amesema kweli tupu, na mimi nilikuwa nimewapikia wageni wangu wino.

Jioni hiyo hiyo sikwenda nyumbani. Nilishukia kwa mwenyekiti, sufuria yenye wino mkononi.

"Nipe ruhusa nichane ule ukurasa," nikamwambia.

"Kitabu cha kanisa hakichanwi."

"Basi nitamwambia mama mkwe samahani kimya kimya."

"Ulimtukana kimya kimya?"

Nikaitua sufuria miguuni pake.

"Ulileta lalamiko," akasema, na safari hii hakuwa na mzaha hata kidogo. "Sasa kuna watu wanahesabu ndama. Lete lalamiko jingine, limtaje mkosaji halisi, ulisome kwa sauti ile ile. Na hatulisomi hapa. Tutapanda gari wote saba twende Marani, alisikie mwenyewe mbele ya watu wa huko."

Nimekasirika mpaka leo, sitaficha. Nimekasirikia msasa, nimekasirikia Form Four yangu iliyonifundisha kila kitu ila kuuliza, nimekasirikia kiboko cha shemeji kinachonitazama kabatini. Lakini zaidi nimekasirikia huu mdomo.

Wewe uliyeolewa juzi, mwenye sufuria mpya na akili mpya: ukiona doa, liache. Kitu ambacho kimeshindana na ndimu miaka sita hakikuhitaji mkono wako. Na chakula kikiharibika, kabla hujamwuliza mzee "umetia nini," nenda kwanza ukafunue chini ya debe lako la unga.

Lalamiko nililowasilisha Marani, na ambalo sasa liko kitabuni ukurasa unaofuatia ule wa kwanza, ni hili. Majina nimeyatoa. Mengine yote ni kama nilivyoyasoma nikiwa nimesimama, mtoto akiwa ameshanitoka mikononi na kwenda kwa bibi yake kabla sijafika mstari wa pili.

Kwa Mwenyekiti na wanachama wote.

Kuhusu: Lalamiko dhidi ya Katibu.

Mimi Katibu nalalamika rasmi kwamba Katibu, kwa mikono yake mwenyewe na kwa siri, alisugua sufuria ya enameli kwa msasa wa kuchongea mawe, mara nyingi, mpaka akaondoa kioo kinacholinda chuma. Maziwa machachu yakala chuma, na chuma kikatia weusi katika mboga. Hakuna mtu mwingine aliyeigusa sufuria hiyo kwa ubaya.

Kwamba Katibu alionywa na mama mkwe wake siku sufuria ilipoingia nyumbani, naye akadharau.

Kwamba Katibu alimsingizia mama huyo neno ambalo halirudiwi hapa, mbele ya wanawake saba, na neno hilo limeenea. Ndama aliyetajwa pale tunapopeleka maziwa hakufa kwa ajili ya mtu yeyote katika boma letu. Anayesema vinginevyo na aje aseme mbele ya kitabu hiki.

Shahidi ni sufuria yenyewe. Imeletwa. Ina wino ndani, na kila mmoja anaruhusiwa kuingiza kidole.

Mlalamikaji anaomba Katibu aondolewe ukatibu kwa mwaka mmoja, na kalamu akabidhiwe mwingine.

Anaomba pia mama aombwe, wala asilazimishwe, kurudi Nyansiongo. Na kama atakubali, aje na chungu chake, kiwekwe jikoni kwenye jiko la mbele, na huyu mlalamikiwa afundishwe upya kupika chinsaga, kuanzia maji ya kwanza.